Shingo ya Rubeni

Ninyi vijana mna ugonjwa mmoja. Mkiambiwa kwamba mzee huyu alikuwa mkandaji wa timu ya mpira kule Doha, na kwamba alimkanda Mhispania mmoja kwa misimu kadhaa, mnakimbilia kuuliza habari za miguu. Alikuwa na mbio? Mguu wake wa kushoto ulikuwaje? Alikuwa na mashuti makali? Basi kaeni niwaambie. Mbio hakuwa nazo. Mashuti yake angeyadaka hata mama yangu akiwa na ndoo ya maji kichwani. Yule bwana alikula mkate wake kwa shingo.

Jina lake lilikuwa Rubén, lakini sisi Wakenya pale klabuni tulimwita Rubeni, kama mtu wa kwetu Lugulu, naye akaitika. Alicheza kiungo wa kati. Alifika Doha akiwa amepita miaka thelathini na kitu, umri ambao nyumbani mtu bado anaitwa kijana na anatumwa kiberiti dukani, lakini kwenye mpira ni uzee. Nami alinipa cheo. Aliniita Don Barasa. Nilipomuuliza maana yake akasema ndivyo kwao mtu mzima anavyoitwa kwa heshima. Nilipiga simu nyumbani kumwambia mke wangu, akanijibu kwamba huku Webuye bado mimi ni Baba Nekesa na paa la zizi linavuja.

Siku ya kwanza alipopanda mezani kwangu nilimimina mafuta mikononi nikaelekea kwenye mapaja, kama nilivyozoea. Akanizuia.

“Shingo kwanza,” akasema.

“Ulilala vibaya?”

“Nililala vizuri. Nimetoka kazini.”

Nikaishika. Ile misuli miwili inayoshuka kutoka nyuma ya masikio hadi mabegani ilikuwa imekaza kama kamba ya kufungia ng'ombe. Nilikuwa nimekanda mabeki, mawinga na makipa, na sikuwahi kukutana na mchezaji mwenye shingo ya mtu anayebeba mbao. Sikuelewa, lakini sikuuliza, kwa sababu katika kazi yetu mikono huuliza kwanza.

Mechi iliyofuata nilikaa benchi nikaamua kumtazama yeye badala ya mpira. Jaribuni siku moja, ni vigumu kuliko mnavyodhani. Nikaona. Kabla mpira haujamfikia alikuwa ameshatupa jicho kulia, kushoto na nyuma ya bega, akarudia tena mpira ukiwa njiani. Wenzake walipokea mpira kisha wakainua kichwa kutafuta wa kumpa. Yeye alipoupokea alikuwa ameshaamua zamani, akaugusa mara moja, ukaenda zake. Mtu alikuja kwa kasi kumpokonya akakuta nyasi tupu.

Baadaye aliniambia alikofunzwa. Kocha wake wa kwanza, katika mji mdogo wa kaskazini mwa Uhispania ambako mvua hainyeshi bali inaishi, alikuwa anasimama nyuma ya watoto na kuonyesha vidole. Mpira ukija, ilikuwa lazima useme ni vidole vingapi kabla hujaugusa. Ukikosea, unakwenda kuokota mipira iliyotoka nje. Rubeni aliokota mipira mwaka mzima. “Nilizaliwa mzito, Don Barasa,” akaniambia. “Miguu yangu ilikuwa inachelewa kila mahali. Ikabidi macho yatangulie.” Sasa ninyi mkiwa uwanjani mnautazama mpira unavyokuja kama mtu anayesubiri chakula kipakuliwe. Acheni. Geuzeni shingo.

Mimi mwenyewe sikuzaliwa na mikono hii. Nilianzia hapa hapa Webuye, kwenye timu ya kiwanda, ambako dawa zetu zilikuwa maji moto, chumvi, mafuta makali yanayotoa machozi, na nguvu. Tuliamini mchezaji asipolia hujamchua. Nilikuwa na sifa mtaa mzima kwamba nikikushika paja, hata mjomba wako aliyeko Kitale anasikia.

Nikaenda Doha na sifa hizo. Nilianza hotelini, chumba cha mvuke, nikiwakanda wafanyabiashara wenye vitambi, na miaka michache baadaye klabu ikanichukua. Wiki ya kwanza wakaniletea kipa wao, Mmoroko, jitu refu na pole sana. Nilitaka waone kwamba wamepata mtu. Nikamkamua kigimbi kwa kiwiko, kama tulivyofanya Webuye. Alitoa sauti ambayo sijaisikia tena, akashuka mezani, akatoka mbio ukumbini akiwa na taulo tu, na taulo lenyewe lilikuwa limechoka. Mudir, yaani meneja wa klabu, alikuwa anapita na wageni. Nilijua nimeshapandishwa ndege ya kurudi nyumbani.

Aliyeniokoa ni Bashir, Msudani wa Omdurman, mkuu wa wakandaji. Hakunifokea. Alifunga mlango akaniambia nilale mezani mwenyewe. Akaweka kidole gumba begani kwangu, taratibu, akakiacha hapo, akisubiri msuli umkubali. Ndani ya muda mfupi nililala usingizi. Nilipoamka alikuwa anakunywa karak, ile chai yao nzito ya maziwa na iliki.

“Umelia?” akauliza.

“Hapana.”

“Umepona?”

Bega ambalo lilikuwa limenisumbua tangu nyumbani lilikuwa jepesi. Bashir akaniongezea kikombe changu cha karak, na tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake.

Mambo aliyonifundisha Bashir ningeweza kuyasema mpaka kesho. Kata kucha kila siku. Pasha mikono joto kabla hujamgusa mtu. Usiondoe mikono yote miwili kwa wakati mmoja, mtu ataona ameachwa. Usisikilize mdomo wake, sikiliza pumzi, maana mdomo utasema haiumi huku pumzi imesimama. Na kubwa kuliko yote: maneno ya mezani yabaki mezani. Mtu akilala kifudifudi, uso kwenye tundu la meza, anasema mambo ambayo hamwambii hata kasisi. Nimesikia ndoa zikivunjika pale. Nimesikia nani anataka kuhama na nani anamchukia kocha. Yote nimeyameza. Lakini Bashir aliongeza jambo la pili, ambalo wakandaji wengi hulisahau. “Neno ni siri,” alisema. “Msuli si neno.”

Mbinu zilibadilika, msidhani tulibaki na mafuta tu. Zilikuja mashine za kukandia zenye umbo la bastola, zinazotetemeka kama pikipiki mbovu. Vikaja vile vifulana vifupi vya kifuani vyenye kifaa cha kupima mbio. Siku ya kwanza wachezaji walipovivaa, Odhiambo, Mkenya mwenzetu, askari wa getini, alichungulia mazoezini akanivuta kando: “Mzee, hawa majamaa wote wamevaa sidiria, ama ni macho yangu?” Kile kifaa kilipima kila kitu, na kila wiki kilimweka Rubeni karibu na mkia kwa kasi. Aliutazama ule mchoro na kucheka. Hakuna mashine iliyopima shingo.

Msimu mmoja katikati ya baridi, mashine yetu ya barafu iliharibika. Rubeni akasema bahari ni baridi ya kutosha, twende. Tukaenda ufukweni Al Wakrah kwa gari lake. Alikunja suruali ya mazoezi, akaona haina maana, akaingia mpaka kiunoni nayo. Familia zilizokuja kupunga upepo zikamkodolea macho. Wazee wawili wa Kipakistani waliokuwa wakivua kwa mshipi walimwambia kwa upole kwamba anawafukuzia samaki. Akawaomba radhi akasogea, na mimi nikabaki nimesimama ukingoni na taulo, kama yaya.

Pale ndipo aliponisimulia habari ya mechi yake ya mwisho kwenye klabu ya kwao, ile iliyomlea tangu akiwa mtoto. Baba yake, dereva wa gari la mikate, alikuwa jukwaani. Rubeni alitaka kuaga vizuri, azunguke uwanja, apunge mkono. Kumbe goti lilikuwa linamsumbua wiki nzima na alilificha. Likakatika kipindi cha kwanza. Walimbeba kwa machela. Kovu la goti lile nililijua kwa vidole vyangu, refu, limepinda chini. Alipopona alikuwa ameshauzwa, na baba yake alifariki kabla hajarudi kucheza kwao tena.

“Alikuwa na haki ya kuniona nikitoka kwa miguu yangu,” akasema, akiwa bado majini. “Alichoona ni soli za viatu vyangu.”

Nikamwambia atoke, atapata homa.

“Siku nitakayomaliza mpira, Don Barasa, nitatoka nikitembea. Kombe wapewe wengine. Mimi nataka kuingia uwanjani na kutoka nikitembea. Basi.”

Nilimpenda tangu hapo kama ndugu yangu, na sioni haya kusema.

Sasa wiki ya mwisho. Alikuwa ametangaza kwamba anastaafu, mkewe alikuwa ameshafunga mizigo, na ilibaki mechi moja. Siku mbili kabla yake alipanda mezani, nikafanya shingo, nikashuka mgongoni, nikafika miguuni. Kwenye kigimbi cha kulia kulikuwa na kitu. Kidogo, kama punje ya hindi, lakini kilikuwa cha moto kuliko nyama iliyokizunguka. Na pumzi yake ikasimama.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Tangu lini nini?”

“Rubeni.”

Akasema kupitia lile tundu la meza: “Tangu jana. Si kitu. Kanda.”

“Hapa hapakandwi. Ukikanda msuli unaotaka kuchanika, unausaidia kuchanika.”

“Basi paache, na unyamaze. Mambo ya meza ni ya meza. Wewe ndiye uliyenifundisha.”

Nikaenda kunawa mikono. Nilinawa kama mtu anayejiandaa kwa upasuaji, kwa sababu sikujua nifanye nini na sikutaka aone uso wangu. Bashir alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao Omdurman. Nikinyamaza, Rubeni ataanza mechi, na kwa msuli ule sikuona namna ya kufika nusu ya mchezo. Watambeba tena. Nikisema, daktari atamfuta kikosini, ataaga mpira akiwa jukwaani na suti, na hatalala tena kwenye meza yangu akiniamini. Nilimkasirikia sana. Alikuwa anarudia lile lile lililomliza miaka yote hiyo, na alitaka nimshikie taa wakati analirudia.

Nikarudi mezani nikaweka mkono mgongoni pake.

“Maneno yako sitayatoa,” nikamwambia. “Ya mkeo, ya mkataba wako, ya baba yako, yote nimeyafukia hapa. Lakini huu msuli si neno. Twende kwa daktari. Utasema wewe, mimi nitasimama kando yako.”

“Na nikikataa?”

“Nitasema mimi, na wewe utasimama kando yangu.”

Alinitukana. Ilikuwa kwa Kihispania na ilikuwa ndefu. Nilimwacha amalize. Nilishatukanwa kwa Kiarabu na kwa Kibukusu, nikaona Kihispania hakitaniua. Kisha akashuka, akavaa viatu vya kuogea, akatangulia mlangoni.

Daktari wetu alikuwa Mtunisia mwenye maneno machache. Alisikiliza, akaweka kifaa cha kupiga picha za ndani ya mwili juu ya kigimbi, akatazama kioo muda mrefu. “Haujachanika,” akasema. “Bado.” Akasema kuanza mechi ni marufuku. Pengine dakika za mwisho, kama uvimbe utapungua, na kwa sharti kwamba hatakimbia kwa kasi hata mara moja.

“Daktari,” Rubeni akasema, “lini umeniona nikikimbia kwa kasi?”

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Rubeni hakucheka, lakini alipotoka alinigusa bega.

Siku mbili zile nilifanya kazi ambayo nikiikumbuka najivuna mpaka leo, na vijana mnaotaka kazi hii sikilizeni. Ile punje sikuigusa. Nilifanya juu yake na chini yake, polepole, nikifungua goti na kifundo cha mguu ili kigimbi kisivutwe. Barafu kidogo kidogo. Nikakata sponji ngumu nikaiweka kwenye visigino vya viatu vyake, vyote viwili, maana ukiinua kimoja tu mtu anakwenda upande na kesho unamtibu nyonga. Sikufanya muujiza wowote. Nilifanya yale niliyofunzwa, bila haraka, nikipasha mikono joto kila mara. Chumbani kwetu, mtaa wa Najma, nilikuwa silali vizuri, mpaka wale tuliokaa nao chumba kimoja wakaniuliza kama nimefiwa.

Siku ya mechi uwanja haukujaa, mechi za kule hazijai, lakini Wakenya na Waganda waliokuwa zamu ya ulinzi walijua Rubeni anaaga na kila aliyeweza alisogea karibu. Kocha alimwingiza kipindi cha pili kikielekea ukingoni, tukiwa sare. Watu wote walimpigia makofi wakimtazama usoni. Mimi nilitazama kigimbi.

Wapinzani waliona bandeji niliyomfunga kigimbini. Wakamtumia kijana wao mmoja, mwenye mapafu ya farasi, ajibandike kwake. Kijana alikuja kwa nguvu mpira wa kwanza. Rubeni alishamwona. Alifungua mwili kidogo, akaugusa mpira upande ambao kijana alikuwa ametoka, na kijana akapita. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu Rubeni aliupeleka katikati ya watu wawili hadi kwa winga, winga akautia ndani, mshambuliaji akafunga. Benchi zima likamrukia mfungaji kwa vifijo. Gazetini kesho yake waliandika jina la mfungaji na la winga. Pasi iliyotangulia pasi haina mahali pa kuandikwa. Nilibaki nimekaa, nikampigia makofi mwenye nayo peke yangu, na nilipiga mpaka viganja vikawaka.

Halafu ukaja ule mpira. Ulipotea kutoka kwa mtu, ukawa unabingirika kuelekea mstari wa pembeni, na aliyekuwa karibu alikuwa Rubeni. Kwa mbio za kweli angeufikia. Jukwaa likainuka. Nilimwona akiinama, akapiga hatua ya kwanza, ya pili, na mimi nikaruka kutoka benchi nikapiga kelele kwa Kibukusu, lugha ambayo hakujua hata neno lake moja: “Lekha!” Uache!

Akauacha. Alisimama, akainua mkono kuwaomba radhi wenzake, akautazama ukitoka. Kuna waliompigia miluzi. Mtu aliyeucheza mpira tangu utotoni, dakika za mwisho za maisha yake ya kazi, anaacha mpira anaoutaka mbele ya macho ya watu. Nimeona mabao mazuri mengi nikiwa benchi, na hakuna ninaloliweka juu ya lile.

Filimbi ikalia. Walimkumbatia, wakataka kumbeba juu juu kama wafanyavyo, akakataa kwa mikono miwili. Akaanza kutembea. Alivuka uwanja mzima, kisigino kikigusa, kidole kikisukuma, kulia kushoto, hakuchechemea hata kidogo. Nilikuwa nalia na sikujificha.

Karibu na mlango wa kuingilia vyumbani ndipo walipokaa watu wa machela siku ile, Odhiambo na Mganda mmoja aitwaye Mukasa. Klabu ilikuwa inawachukua siku za mechi kwa kazi hiyo. Machela ilikuwa imekunjwa, nao wameikalia kama benchi. Rubeni alipita mbele yao, akawapa mkono mmoja mmoja, akaingia ndani.

Mukasa akanigeukia. “Mzee Barasa, leo tumekaa tu. Hatujabeba hata mtu mmoja. Si watasema tumekula pesa ya bure?”

“Kaeni,” nikamwambia. “Mimi niliajiriwa ili ninyi mkae.”